Je, Kipimo Kimoja kwa Wote Ndiyo Haki?



Liko neno moja ambalo wakuu wa kazi hulipenda sana, nalo ni hili: "Hapa sheria ni moja kwa wote." Neno hili ni zuri, na mara nyingi limewakinga wanyonge, kwa maana pasipo sheria moja, ndugu wa mkubwa hufika saa nne asiulizwe, na mtoto wa maskini hukatwa mshahara kwa kuchelewa dakika kumi. Lakini yafaa tujiulize kama neno hili latosha peke yake. Je, kuwapimia watu wote kwa kipimo kimoja ndiko kuwatendea haki?

Tuchukue mfano wa shule, maana huko ndiko tunakokujua. Kengele hulia saa moja na nusu asubuhi kwa walimu wote. Mwalimu wa kwanza anakaa nyumba ya shule, karibu na darasa. Wa pili ananyonyesha mtoto wa miezi mitano. Wa tatu anatembea kwa magongo, na wakati wa masika njia yake ni tope tupu. Wote watatu huandikwa katika daftari moja la mahudhurio, kwa wino mmoja. Daftari litasema kweli juu ya saa waliyofika, lakini halitasema lolote juu ya mzigo waliokuja nao. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mkuu asiyeubeba huuona mwepesi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara, ya mwaka 2004, inalijua jambo hili. Imeweka mpaka mmoja kwa wote: saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, wala 9 kwa siku. Lakini sheria hiyo hiyo yampa mama aliyejifungua likizo ya siku 84, au 100 ikiwa amejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Na akirudi kazini aruhusiwe kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, hadi saa 2 kwa siku. Tena, kwa mapatano ya maandishi, saa zile 45 zaweza kupangwa katika siku zisizozidi 5, hata siku moja ikafika saa 12, ili mtu apate siku nyingine ya kuangalia mambo yake. Nayo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba angalau 3 katika kila 100 ni watu wenye ulemavu. Basi kuzilinganisha saa za kazi na hali ya mtu si ulegevu. Ni sehemu ya sheria yenyewe.

Hata hivyo, hapa ndipo penye ugumu. Mama akienda kunyonyesha, darasa lake halijifundishi lenyewe. Liko lazima la mtu kuingia. Mara nyingi mtu huyo ni kijana asiye na mke wala mtoto, naye huambiwa, "Wewe huna shughuli, shika kipindi hiki." Leo kipindi kimoja, kesho viwili, na mwisho wa muhula amechoka na ana kinyongo. Tumewaona vijana wa namna hiyo wakimchukia mama asiye na kosa, kumbe aliyewakosea wote wawili ni mkuu aliyetoa ruhusa faraghani bila kumwuliza atakayeziba pengo. Na huyo kijana asiye na mtoto, ni nani aliyemwuliza kama hana mzazi mgonjwa nyumbani? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa hiyo twasema hivi: nafuu ya saa za kazi huwa haki pale tu inapotolewa hadharani, na yule atakayeziba pengo akaulizwa kwanza. Ikitolewa kwa siri, hata kama imestahili, wenzake wataiita upendeleo. Na aliyepewa atajiona ana deni kwa mkubwa wake, ashindwe kumwambia kweli siku inayohitajika.

Kanisa la kwanza lilikutana na jambo la namna hii. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6 twasoma kwamba wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakusema kwamba utaratibu ni mmoja kwa wote, wala hawakuwaongezea wajane wale chakula kisirisiri. Waliwaita wanafunzi wote, wakawaachia wachague watu saba wa kuisimamia kazi ile. Na tukiyaangalia majina ya wale saba, yote ni ya Kiyunani. Walionung'unika hawakunyamazishwa. Wenzao ndio waliokabidhiwa ufunguo wa ghala.

Uingereza nako wamelifikiri jambo hili kwa muda mrefu. Tangu mwaka 2003 wazazi wenye watoto wadogo, au watoto wenye ulemavu, walipewa haki ya kuomba saa za kazi zibadilishwe. Na tangu Aprili 2024 kila mwajiriwa anaweza kuomba hivyo tangu siku yake ya kwanza kazini. Ni haki ya kuomba, si haki ya kupewa. Lakini mwajiri haruhusiwi kukataa kabla ya kuzungumza na mwombaji. Hapo pana hekima: kazi nyingine kweli haziahirishwi, kama zamu ya usiku ya wodini, lakini hakuna kazi inayomzuia mkuu kusikiliza.

Katika shule moja tuliyofundisha, mwalimu mkuu aliibandika ratiba ukutani kwa juma zima ikiwa imeandikwa kwa penseli, na kila mtu, hata mpishi na mlinzi, aliweza kusema pale inapombana. Baada ya juma iliandikwa kwa wino, na hapo hakuna aliyeruhusiwa kuichezea. Hatukupata wote tulichotaka. Lakini kila mmoja alijua kwa nini mwenzake amepata.

Tusidhani maneno haya ni ya wakuu wa ofisi peke yao. Wengi wetu tu waajiri majumbani mwetu. Mama akichelewa ofisini, baba akiwa na kikao, na sisi wazee tukiwa katika mkutano wa kanisa, anayeziba pengo ni msichana wa kazi. Huyu huamka saa kumi na moja alfajiri na kulala wa mwisho, na katika mipango yetu yote hatumwulizi neno. Sheria ile ya mwaka 2004 haikumtenga. Naye anastahili mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma. Twaweza kudai nafuu kazini kwetu kwa uso gani, ikiwa nafuu hiyo inalipwa na mtu aliyeko jikoni?

Basi jioni ya leo, kabla ya kumwagiza maji, tumwulize siku gani ya juma ni yake. Kama hana, tukae naye tuipange.