Ila Iliyo Ndani ya Gamba

Imamu Nawawi, katika Minhaji yake iliyosomeshwa vizazi kwa vizazi katika darasa za pwani yetu, ameshika kauli kwamba kitu kisichoonekana hakisihi kuuzwa. Kisha akaviachia nafasi vitu kama komamanga na yai, ambavyo humtosha mnunuzi kuviona kwa nje, kwa kuwa gamba lao ndilo stara na hifadhi yao, na mwenye kutaka kuona cha ndani hana budi kukiharibu. Hukumu hii, iliyoandikwa Shamu katika karne ya 13, naiona inahitajiwa upya leo mbele ya makabati ya vioo ya Kariakoo, ambako kijana anayetaka kuunda amplifaya ya hedifoni kwa mkono wake hupewa chipu nyeusi yenye miguu minane, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na kuambiwa, "Hiyo orijino, fundi, chukua kwa imani."

Amplifaya yenyewe si kitu kikubwa. Mchoro ambao wengi huanza nao ni ule wa Chu Moy, ulioenea tangu mwishoni mwa miaka ya 1990: betri moja ya volti 9, ambayo nguvu yake hugawanywa katikati kwa rezista mbili na kapasita mbili ili ipatikane sifuri ya kutengenezwa, chipu, ambayo kwa namna iliyozoeleka ni OPA2134, yenye vikuza viwili ndani yake, kimoja cha sikio la kulia na kimoja cha sikio la kushoto, na rezista za kilo-omu 10 na kilo-omu 1 zinazoamua kwamba sauti ikuzwe mara 11. Vyote hivyo huenea ndani ya kopo la peremende. Rezista hupatikana Kariakoo, na Luthuli Avenue kule Nairobi, kwa fedha ndogo mno, na rangi zake hazifichi kitu, kwani kahawia, nyeusi na chungwa ni kilo-omu 10 popote ulimwenguni, na mwenye shaka atapima. Kapasita fundi mwenye subira huzifungua katika mizoga ya redio na ya saplai za kompyuta, akijihadhari na zile zilizokaa karibu na joto miaka mingi, ambazo maji yake ya ndani yamekwisha kukauka ingawa maandishi ya nje yangali yakidai ujazo wa siku ya kwanza. Lakini chipu haiokotwi kwa urahisi namna hiyo. Chipu hununuliwa, na hapo ndipo muamala unapoingia kiza.

Kwani kuna watu, huko mbali zinakotoka bidhaa hizi, ambao huchukua chipu za bei ya chini kabisa, wakazikwangua uso, wakazipaka rangi nyeusi mpya, kisha wakaziandika jina la chipu ya thamani. Pengine asetoni kidogo kwenye kitambaa huiondoa rangi hiyo na kuiacha ile hila wazi. Pengine kazi imefanywa kwa ufundi hata asetoni isifue dafu. Hapo hubaki kuiuliza chipu yenyewe kwa mita. OPA2134 ya kweli, ikiwashwa bila kubebeshwa mzigo, hutumia karibu miliampia 8; ile aina ya kale iitwayo 4558, ambayo ni rahisi na imejaa kila mahali, hutumia 2 au 3 hivi. Kisha kuna jambo la pili, nalo kwangu ndilo la kustaajabisha zaidi, kwa kuwa uongo hujifichua wenyewe. Mchoro wa Chu Moy umeweka rezista ya kilo-omu 100 mlangoni mwa chipu, kwa kutegemea kwamba OPA2134 hainywi mkondo mlangoni ila kiasi kisichohesabika. Chipu ya namna ya 4558, ambayo transista zake za mlangoni ni za tabia nyingine, hunywa mkondo kidogo, na mkondo huo ukipita katika zile kilo-omu 100 huzaa volti, na volti hiyo hukuzwa mara 11 pamoja na muziki. Basi fundi akiweka ncha za mita mahali pa kutokea sauti, kabla hajachomeka hedifoni, ataona makumi ya milivolti, au hata mia na zaidi, pale alipotarajia chache tu. Na kwa kuwa mchoro huo hauna kapasita ya kuizuia volti hiyo mwishoni, hushukia moja kwa moja kwenye koili ya hedifoni na kuisukuma upande mmoja saa zote.

Nimeitanguliza mita kwa kusudi. Wako wanaosema kwamba sikio latosha, na kwamba fundi aliyeunda kitu atajua kwa kukisikiliza kama ni kizuri. Hoja hiyo siikubali. Sharia yetu haipokei ushahidi wa mzazi kwa manufaa ya mwanawe, wala si kwa kuwa kila mzazi ni mwongo, bali kwa kuwa mapenzi huingia katika macho ya shahidi bila yeye kuwa na habari. Na yeyote aliyeketi usiku akilehemu hata moshi ukamchoma macho, kisha akasikia kwa mara ya kwanza udi wa taarabu ukitoka katika kopo alilolitoboa mwenyewe, amekwisha kuwa mzazi. Mwaka wa 2011 mtu aliyejiita NwAvGuy, ambaye jina lake la kweli hakulitoa, alitangaza amplifaya yake ya Objective2 pamoja na mchoro na vipimo vyake, ili kila mtu aweze kuiunda na kuihakiki. Na mwaka wa 2012 akanyamaza kabisa. Ametuachia kazi ambayo haimtaki msikilizaji amwamini mwenye kuitoa, na naihesabu hiyo kuwa adabu kubwa.

Sasa turudi katika hukumu. Je, chipu ni kama yai? Kwa upande mmoja ndiyo, maana gamba lake ni hifadhi yake na kulipasua ni kuiua. Lakini kuna tofauti ambayo kwa maoni yangu inageuza mas-ala yote: gamba la yai halisemi kitu. Mnunuzi wa yai anajua kwamba hajui, na amekubali kutojua huko kwa kiasi cha ada. Gamba la chipu lina maandishi, na maandishi ni ushahidi. Aliyeyaandika amesema, na bei imepandishwa kwa msemo wake. Kwa hiyo chipu iliyobadilishwa jina haikai pamoja na yai, bali pamoja na ngamia aliyefungwa chuchu siku kadhaa ili mnunuzi amwone kiwele kimejaa, jambo ambalo Mtume, rehema na amani zimshukie, alilikataza na akampa mnunuzi hiari ya kurudisha.

Na kile kibao kilichotundikwa katika maduka yetu mengi, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi? Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafii, muuzaji anayejivua na kila ila kwa sharti kama hilo havuki, isipokuwa katika ila ya batini ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Chipu si mnyama. Fauka ya hayo, mafakihi wamekwisha kulitazama suala la aliyevunja nazi au yai akakuta limeoza, na kauli yenye nguvu ni kwamba atarudisha bila kulipa fidia ya kuvunja, maadamu ila ile haikuweza kujulikana ila kwa kuvunja. Lakini kama ingejulikana kwa jambo dogo kuliko alilolifanya, hicho alichokizidisha kinamlemea yeye. Ndiyo maana nawasihi vijana wasiilehemu chipu moja kwa moja kwenye ubao. Soketi ya miguu minane ni kitu cha bei ndogo. Chipu huchomekwa, hupimwa, na huchomolewa ikiwa safi kama ilivyotoka dukani, na madai ya mnunuzi yakabaki hayana doa.

Hayo ni ya mnunuzi na haki yake. Lakini sharia ya bai haikukomea kwenye haki. Muuzaji wa Kariakoo aghalabu hana mita ya kupimia chipu, wala hajui. Amenunua kwa jumla kwa aliyenunua Guangzhou, naye kwa mwingine, na hiana ilifanywa na mkono ambao hakuna katika hao aliyepata kuushika. Katika mlolongo wote huo, kutoka kiwandani hadi kwenye kabati la kioo, mtu wa kwanza kujua kwa yakini ni yule kijana mwenye mita, usiku, nyumbani kwake. Na mafakihi wamesema kwamba wajibu wa kubainisha ila haumhusu muuzaji peke yake. Asiye muuzaji wala mnunuzi, akiijua, naye yampasa amwambie anayetaka kununua. Kijana aliyekuwa mteja tu hadi saa ya magharibi amekuwa, kwa kutazama namba mbili, mtu mwenye deni la nasaha kwa kila fundi atakayesimama mbele ya kabati lile.

Deni hilo huanza kulipwa kwa muuzaji mwenyewe, na kwa upole, kwa sababu naye amedanganywa. Asiende kupiga kelele dukani. Aende na mita yake na soketi yake na betri, aseme, "Mzee wangu, njoo utazame," na ampimie zile zilizobaki kabatini moja baada ya moja. Zikionekana zote ni za namna ile, hazipaswi kutupwa, kwa kuwa chipu ya chini si chipu mbovu. Itafanya kazi ya haki katika redio ya kijijini au katika spika ya msikiti kwa miaka mingi. Aifute ile rangi ya uongo, azitie katika kijisanduku cha peke yake chenye maandishi ya kalamu kwamba hizi si OPA2134 na zinatumia miliampia 2 hadi 3, kisha muuzaji atoe bei mpya.