Mstari Uliokosekana

Binamu yangu anaishi Dallas. Kila akinipigia simu wakati wa baridi huniuliza, "Bado unalipia kukaa ndani ya friji?" Tunacheka, kisha ananikumbusha kwamba Texas haitozi kodi ya mapato ya jimbo.

Januari hii nilikaa mezani kwangu Saint Paul, Minnesota, nikapiga hesabu. Upande mmoja niliandika pango, gesi ya kupasha nyumba joto na kodi ya mapato. Upande wa Texas nikaandika pango, kiyoyozi na mafuta ya gari. Nilikumbuka pia kwamba kodi ya majengo huko ni kubwa, na mwenye nyumba humrudishia mpangaji. Hata hivyo Texas ilishinda. Ningebakiwa na takriban dola 3,000 kwa mwaka, karibu shilingi laki nne za Kenya. Mdogo wangu yuko chuoni huko nyumbani, na karo yake inanitegemea mimi.

Nilikuwa tayari kumwambia binamu anitafutie nyumba. Kisha nikauliza: mimi mwenyewe, karo yangu ililipwa na nani?

Nilipofika hapa nilikuwa nikiosha vyombo hotelini. Nilisomea uuguzi katika chuo cha miaka miwili, na sehemu ya ada ililipwa na ruzuku ya jimbo kwa wanafunzi wasio na uwezo. Si mkopo. Hutoka katika hazina ya jimbo, ambayo hujazwa zaidi na kodi ya mapato, ileile ninayotaka kuikimbia sasa kwa kuwa nimeanza kupata.

Binamu alinijibu bila kusita. "Ulisaini wapi kwamba utabaki? Miaka minne umewauguza wazee wao usiku. Hilo si malipo?"

Ni hoja nzito. Waliozaliwa hapa huhama kila siku, wala hakuna anayewaita wezi wa fadhila. Na mdogo wangu naye ana haki juu yangu, ya damu kabisa. Kwa nini nimlipe nisiyemjua kabla ya ndugu yangu?

Lakini aliyenilipia mimi hakunijua. Angepiga hesabu kama yangu, ningekuwa bado kwenye sinki.

Sisemi kuhama ni kosa. Huenda mwakani nikahama. Ninachokataa ni kuliita jimbo hili ghali kwa hesabu yenye mistari ya nilichotoa tu, isiyo na hata mmoja wa nilichopokea.

Nimesaini mkataba wa nyumba wa mwaka mmoja zaidi. Karo ya mdogo wangu itatoka kwenye zamu mbili za ziada kila mwezi. Binamu anasema nimenunua usingizi mdogo kwa bei kubwa. Huenda ni kweli, ila bei hiyo nimeiandika mwenyewe, na mstari wake upo.