Kujitesa kwa baridi si uchamungu



Ndugu Muislamu, kipupwe kinapoingia, kuanzia mwezi wa Juni hadi Agosti, sisi tunaoishi nyanda za juu ndio tunaoijua Alfajiri. Wakati wenzetu wa Dar es Salaam wanatosheka na shuka moja, huku Mbeya na Njombe joto la usiku hushuka chini ya nyuzi 10, na mahali pengine majani huamka meupe kwa umande ulioganda. Mabomba ya msikitini hutoa maji yanayouma vidole. Ni katika majira haya ndipo linapokuja swali ambalo kwa sura ni la fiqhi, lakini kwa undani wake ni la maadili. Je, Muislamu anayeuumiza mwili wake kwa baridi akitafuta radhi za Allah (S.W.) anazidisha uchamungu, au anakosea? Na yule anayemwambia mwenzake avumilie, anabeba dhamana gani?

Swali hili sikulipata kitabuni. Nililipata kwa mzee mmoja.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikidarsisha baada ya sala ya Magharibi katika msikiti mmoja wa mjini. Mzee huyo, ambaye umri wake ulikuwa umeshapita miaka 70, hakukosa darsa wala jamaa ya Alfajiri. Jioni moja ya mwezi wa Julai alibaki nyuma, akanisubiri nifunge kitabu.

"Ustadh wangu, maji haya ya Alfajiri siku hizi yananiingia mpaka kifuani," alisema. "Bi mkubwa nyumbani anataka awe ananipashia maji kabla sijatoka. Naogopa nisije nikapunguza thawabu."

Nilikuwa kijana, nimetoka chuo kikuu karibuni, na jibu lilikuwa mdomoni hata kabla mzee hajamaliza. Nikamkumbusha hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, kwamba miongoni mwa mambo yanayofuta madhambi na kupandisha daraja ni kuutimiza udhu katika hali ya tabu. "Vumilia, mzee wangu," nikamwambia. "Thawabu imo humo humo kwenye tabu." Mzee akanishukuru, akaniombea dua, akaenda zake.

Wiki ya pili nafasi yake katika safu ilikuwa tupu. Tulimkuta hospitali, amelazwa kwa nimonia, anapumua kwa shida. Aliponiona alijaribu kukaa. "Ustadh, nimejitahidi kama ulivyosema," alinong'ona, "lakini mwili umekataa."

Alhamdulillah, alipona. Lakini maneno yale hayajanitoka mpaka leo.

Sisemi kwamba maji ya bomba ndiyo yaliyomletea maradhi. Nimonia huletwa na vimelea, na mafua huletwa na virusi. Baridi peke yake haiumbi ugonjwa. Wataalamu wa afya wanatueleza kuwa maradhi ya kifua huzidi majira haya kwa kuwa, pamoja na mengine, watu hujifungia ndani, wakafunga madirisha na kupumuliana. Wanatueleza pia kuwa baridi hubana mishipa na kupandisha shinikizo la damu, jambo ambalo ni hatari kwa wazee na wenye maradhi ya moyo, na kwamba hewa ya baridi humbana mwenye pumu. Kwa hiyo kosa langu si kwamba nilimletea mzee nimonia. Kosa langu ni kwamba aliniambia kifua kinamsumbua, nami nikamjibu habari ya thawabu. Sikumuuliza hata swali moja.

Tuirejee basi hadithi ile niliyoitumia. Ni sahihi, na maana yake ni njema. Inamsifu mtu ambaye tabu imemkuta njiani akiwa anakwenda kutii, naye hakurudi nyuma. Haimsifu mtu anayeacha maji ya moto jikoni akaenda kuitafuta tabu. Sheikh Izzuddin bin Abdis-Salaam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi aliyefariki mwaka 660 Hijria, aliligusa jambo hili kwa mfano wa kuoga wakati wa joto na wakati wa baridi kali. Anayeoga katika baridi hupata ziada ya malipo kwa kuwa amevumilia kwa ajili ya Allah, lakini tabu yenyewe si ibada, na mja hajikurubishi kwa Mola wake kwa kujitesa.

Hata zama za Mtume (s.a.w.) walikuwepo waliolichanganya hili. Imam Bukhari amepokea kisa cha mtu aliyeweka nadhiri ya kufunga, na pamoja na funga hiyo asimame juani, asikae, asiingie kivulini wala asiseme na mtu. Mtume (s.a.w.) akaamuru aseme, akae, aingie kivulini, na aitimize funga yake. Tazama alivyopambanua. Funga ni ibada, ikabaki. Jua lilikuwa mateso matupu, likaondolewa.

Kwa upande wa baridi tunacho kisa cha Amr bin al-As (r.a.) katika msafara wa Dhatus-Salasil, mwaka wa 8 Hijria. Aliamka na janaba katika usiku wa baridi kali, akachelea kuangamia kama angeoga, akatayamamu na kuwasalisha wenzake Alfajiri. Waliporudi, alijitetea kwa aya ya 29 ya Suratun-Nisaa, inayotukataza kujiua na kutukumbusha kuwa Allah ni mwenye kuturehemu. Mtume (s.a.w.) alicheka na hakumlaumu. Kisa hiki kimo katika Sunan Abu Dawud.

Katika kitabu hicho hicho kimo kisa cha pili, na hiki ndicho kilichoniondolea usingizi. Masahaba walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe likampasua kichwa. Kisha akapatwa na janaba, akawauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawaoni ruhusa maadamu maji anaweza kuyapata. Akaoga, akafa. Habari zilipomfikia Mtume (s.a.w.), hakusema kuwa marehemu amekufa katika twaa na mambo yakaishia hapo. Alisema kwamba wao ndio waliomuua, na kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza.

Zingatia, ndugu msomaji. Wale hawakuwa watu waovu. Walitaka dini isimamishwe. Lakini uchamungu waliousimamisha ulilipiwa na mwili wa mtu mwingine. Mimi nami nilikuwa nimevaa koti na soksi nilipomwambia mzee avumilie. Ni rahisi sana kuwa mkali juu ya kifua kisicho chako.

Huenda wapo watakaosema: Ustadh, ukiufungua mlango huu vijana wataikacha Alfajiri, kila mmoja atasingizia baridi. Hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana wanazuoni hawakuuacha mlango wazi kiholela. Ruhusa ya kutayamamu haijengwi juu ya uvivu wala kuona uzito wa blanketi. Inajengwa juu ya kuchelea madhara ya kweli, na kwanza ni kwa asiyepata njia ya kuyapasha maji. Mwenye jiko na sufuria hana udhuru. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, aliyetayamamu kwa ajili ya baridi hutakiwa aje airudie sala yake, ingawa wapo wanazuoni wengine wasiomlazimisha. Lakini hata hao wanaomtaka arudie hawakumwambia aingie majini aangamie. Mzee wangu, kwa hakika, hakuomba hata tayamamu. Aliomba maji ya moto tu, nami nikamnyima kilichokuwa halali bila shaka yoyote.

Kipimo hiki kina upande wa pili, nao unawagusa wenye afya zaidi. Ikiwa sina haki ya kuuangamiza mwili wangu, nitapata wapi haki ya kuudhuru mwili wa jirani yangu katika safu? Mtume (s.a.w.) alimtaka aliyekula kitunguu au kitunguu saumu akae mbali na msikiti, kwa ajili ya harufu tu. Basi mwenye mafua makali na kikohozi kisichokoma, anayemkoholea mzee aliye ubavuni pake kwenye msikiti uliofungwa madirisha, ajiulize anatafuta thawabu gani. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, nchi nyingi zilifunga misikiti kwa muda, na wapo walioona huo ni udhaifu wa imani. Lakini katika usiku wa baridi au mvua safarini, Mtume (s.a.w.) alikuwa akimwamuru mwadhini awatangazie watu wasali walipo. Hakuna mwenye imani yenye nguvu kuliko yeye.

Na tusiikimbie baridi kwa kujitia katika hatari nyingine. Wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani usiku na kufunga kila upenyo. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Tawakali haiondoi sumu chumbani. Jiko litolewe nje kabla ya kulala.

Ama misikiti yetu, tunachangishana kupaka rangi mnara na kununua spika, na hayo ni mema. Lakini ni misikiti mingapi ya mikoa ya baridi iliyo na pipa la maji ya moto kwa ajili ya wazee wakati wa Alfajiri? Kuni za mafungu machache na kijana mmoja wa kuwahi kuwasha moto, hiyo ni sadaka ambayo faida yake inaonekana kabla jua halijachomoza.

Baada ya mzee kutoka hospitali nilimwendea nyumbani kwake, nikamwomba msamaha na kumwambia kuwa jibu langu halikuwa sawa. Mkewe, aliyekuwa akitusikiliza kutoka uani, alisema kwa sauti: "Mimi nilishamwambia, lakini mimi si Ustadh." Mzee alicheka mpaka akakohoa. Mimi niliinamisha kichwa.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza juu ya tabu ya ibada, kwanza namuuliza hali yake. Elimu tuliyopewa ni amana, na mwili wa anayetuuliza ni amana vilevile.

Wallahu a'lam.