Jina Lililoachiwa Nafasi

Shoreham ni kijiji cha Kent, kusini mashariki mwa Uingereza. Kama vijiji vingi vya huko, kina kumbukumbu ya vijana wake waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 2000, bamba la majina likiwa limechakaa na linabadilishwa, likazuka swali: Thomas Highgate aandikwe au asiandikwe? Highgate, kibarua wa shambani mzaliwa wa hapo hapo, alitoroka jeshini wakati wa mapigano ya Marne nchini Ufaransa. Mahakama ya kijeshi ilimhukumu, na tarehe 8 Septemba 1914 akapigwa risasi, mwanajeshi wa kwanza wa Uingereza kuuawa hivyo katika vita ile. Halmashauri ya kijiji ikaamua asiandikwe, ila nafasi iachwe kwenye bamba, huenda watu wakabadili mawazo.

Waliokataa hawakuwa wapumbavu. Ukimweka mtoro bega kwa bega na aliyesimama mpaka akafa, waliona, umemvunjia heshima huyo wa pili. Lakini hoja hiyo yote imeegemea dhana moja, kwamba jina kwenye jiwe ni sifa. Dhana hiyo siikubali.

Tazama mawe haya yalivyozaliwa. Tangu mwaka 1915 Uingereza ilipiga marufuku kurudisha maiti za askari nyumbani, na vita ilipokwisha msimamo ukabaki huo huo. Mama wa kijijini hakuwa na kaburi la kupalilia. Jiwe lililosimamishwa karibu na kanisa likawa kaburi lisilo na maiti, na majina yaliyochongwa hapo hayakupitia mtihani wowote wa ushujaa. Aliyeuawa na homa kambini yumo. Aliyelipuliwa kabla hajafyatua risasi hata moja naye yumo. Linalowaunganisha ni kwamba walitumwa na hawakurudi, basi. Kwa hiyo jina ni ungamo la aliyetuma: huyu alikuwa wetu, tulimtoa, hatukumrudisha. Asiyekuwepo na lake halipo, tunasema. Jiwe limesimamishwa hasa kuupinga msemo huo, na wa kwanza kuhitaji utetezi wake ni yule ambaye wenzake wanamwonea haya.

Mwaka 2006 Bunge la Uingereza liliwasamehe Highgate na wengine waliouawa kama yeye, jumla yao 306, kwa sheria iliyosema papo hapo kwamba hukumu zao hazifutwi. Msamaha wa ajabu huo. Tume iliyoundwa mwaka 1917 kushughulikia makaburi ya vita ya dola ya Uingereza ilikuwa imeshaonyesha njia iliyonyooka zaidi. Kanuni yake ni kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, bila kujali cheo, dini wala rangi. Highgate, ambaye kaburi lake halijulikani, ameandikwa na tume hiyo kwenye mnara wa La Ferté-sous-Jouarre, miongoni mwa askari wenzake. Mtoro ana jina.

Wasiokuwa nalo ni wapagazi wa Afrika Mashariki waliolitumikia jeshi la Uingereza katika vita ile ile. Kikosi cha Wapagazi, ambacho jina lake la Kiingereza limebaki kwetu kama Kariakoo, kilibeba risasi, unga na majeruhi kuanzia Taveta hadi ng'ambo ya Ruvuma. Wengi hawakujitolea, walikusanywa kupitia machifu wao. Waliua wachache na kufa maelfu kwa maelfu, zaidi kwa kuhara, malaria na njaa. Mwaka 2021 tume hiyo hiyo ilichapisha ripoti ikakiri, na kuomba radhi, kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri.

Wala si kwamba hawakusifiwa. Nairobi, kwenye barabara inayoitwa leo Kenyatta Avenue, kuna sanamu za shaba zilizosimamishwa mwaka 1928, mpagazi akiwa mmoja wao, na chini yake maneno mazito ya utukufu kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Jina la mtu, hakuna. Kusifu hakumfungi anayesifu. Ukiwasifu wapagazi kwa jumla, hakuna atakayekudai mume wake. Ukimwandika mmoja kwa jina lake na la baba yake, mjane ana pa kuanzia kuuliza: alikufia wapi, nani aliyemchukua, na mshahara wake uko kwa nani?

Ndiyo maana ubishi wa Shoreham, pamoja na ukaidi wake, naona kama una heshima ndani yake. Waliokuwa wakibishana walimjua wanayembishania, kwa jina na kwa kijiji alikozaliwa. Ukambani na Nyanza, wapagazi walikotoka kwa wingi, hakuna halmashauri iliyopata kuletewa bamba ikaulizwa nani aandikwe na nani aachwe.