Nguo Zisizovaliwa

Mwaka 2019 nilikuwa London kwa mwanangu. Mjukuu wangu, msichana anayejifunza ushoni, akaniomba tufuatane kwenye makumbusho ya Victoria and Albert tukatazame nguo za Christian Dior, fundi mashuhuri wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1957. Nikenda hali nimekwisha kuitayarisha khutuba moyoni, khutuba ya israfu.

Na israfu niliiona. Palikuwa na suti ya kike ya mwaka 1947: koti jeupe la hariri lililobana kiunoni, na sketi nyeusi pana ya sufu, yenye marinda mengi. Vita vikubwa vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu, na Uingereza nguo zilikuwa bado zikipimwa kwa kuponi, mpaka mwaka 1949. Wako waliokasirika: sketi moja ile kitambaa chote hicho, na mwengine hana cha kujifunika!

Nikamwambia mjukuu wangu, "Unaona?"

Akanijibu, "Babu, tazama mshono."

Nikatazama. Chumba kimoja kilijaa nguo nyeupe za majaribio, ambazo mafundi huzishona kwa kitambaa rahisi kabla ya kukikata kile cha thamani. Nikawakumbuka mama zetu wanaoshona kofia za viua, kofia moja kwa miezi. Kule kama huku, jina ni la mwenye duka, na mikono ni ya wanawake wasiotajwa. Vipi nitaiita kazi yao upuuzi?

Mtume s.a.w. alipoulizwa juu ya mtu apendaye nguo nzuri na viatu vizuri, hakumlaumu. Alifafanua kuwa kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Na Suratul Aaraf, papo inapokemea israfu, ndipo inapomuuliza anayeliharamisha pambo ambalo Mwenyezi Mungu amewatolea waja wake. Basi kosa halimo katika uzi. Limo wapi?

Jawabu niliipata usiku, wala sikuipenda. Nyumbani kwangu lina sanduku la msaji. Ndani mna joho la marehemu baba yangu na kanzu nane za darizi nilizopewa zawadi, nisizozivaa. Mwaka uleule kijana mmoja aliacha kuja chuoni kwangu. Mama yake alinambia kuwa ana kanzu moja tu, nayo imechanika. Nikamwombea dua. Sanduku sikulifungua.

Kabati za vioo kule zinahifadhi nguo ili maelfu wazione na wajifunze. Sanduku langu lilimhifadhia nani, ila nondo? Na mimi ndiye niliyekwenda na khutuba!

Ndugu zangu, sisemi tuvitupe vya wazee wetu. Joho la baba ninalo, kwani wajukuu huliona wakauliza khabari zake, nami nikawasimulia. Lakini zile kanzu niliporudi nilimpa fundi azipunguze, nikazigawa. Yule kijana sikumkuta. Wazee wake walikwisha kuhama. Kanzu yake amevaa mwengine. Wema ukichelewa humfika mtu, lakini si yule aliyeungoja.

Basi tufungue masanduku yetu kabla ya Idi, tuiulize kila nguo: wewe wamsitiri nani?

Mwenyezi Mungu atusitiri duniani na akhera. Amin.