Je, Yafaa Kuvuka Nyika Peke Yako Ili Kuwaona Rafiki wa Zamani?

Liko swali linaloonekana kuwa dogo, walakini ndani yake limo jambo kubwa. Tuseme yuko mzee akaaye Tabora, ambaye katika ujana wake alifanya kazi upande wa Mpanda. Rafiki zake wa siku zile wangali huko: wengine mjini Mpanda, wengine Katumba, wengine ng'ambo ya Katavi, njia ya Sumbawanga. Kiangazi kimoja atia mafuta garini, achukua maji na chakula, ashika njia peke yake. Si kwa biashara wala kwa msiba, ila kuwaona tu. Jamaa zake wamlaumu, wasema, "Baba, simu unayo, mbona usiwasalimu kwa simu?" Je, mwenye haki ni nani, yeye au wao?

Kwanza tukiri ya kuwa wanaomlaumu hawasemi upuzi. Magharibi ya nchi yetu hakuna jangwa la mchanga kama la Misri, lakini nyika iko. Toka Tabora kupita Ipole na Koga hata Mpanda ni zaidi ya kilomita 300, na sehemu kubwa ni miombo, mahali ambapo mtu aweza kwenda mwendo mrefu asione moshi wa jiko. Kusini ya Mpanda, ukiisha kupita Sitalike, njia yaingia katika Hifadhi ya Katavi, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka wa 1974. Huko kiangazi nyasi ni kavu, mbung'o huuma, na tembo huvuka njia apendapo. Lami iliyowekwa imepunguza taabu, lakini lami haimwondoi tembo, wala haizibi gurudumu lililopasuka. Tena Mhubiri afundisha ya kuwa wawili ni afadhali kuliko mmoja, maana mmoja akianguka, mwenzake yupo wa kumwinua. Bwana wetu naye aliwatuma wanafunzi wake wawili wawili.

Lakini twaona katika Maandiko watu wawili waliokwenda nyikani peke yao, na safari zao hazikuwa za namna moja. Eliya alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaingia jangwani akiomba afe. Alipofika Horebu, Mungu alimwuliza anafanya nini huko. Kisha akamrudisha kwa watu, akampa Elisha awe mwenziwe. Filipo naye aliambiwa aende njia ya jangwa iteremkayo Gaza. Akaenda, akamkuta Mkushi katika gari lake, akisoma asipate kufahamu. Basi mmoja alikwenda peke yake akiwakimbia watu, na mwingine alikwenda peke yake akimwendea mtu. Kwa hiyo upweke wa njiani si dhambi wala si sifa. Wapimwa kwa mwisho wake.

Pengine mtu atasema: urafiki u moyoni, wala hauhitaji miguu. Neno hili lina kweli ndani yake. Wakati wa kiangazi mto Katuma hupungua ukabaki vidimbwi, na viboko wengi hurundikana pamoja katika tope. Wamekaribiana hata migongo yagusana. Lakini hawapendani kwa sababu hiyo, bali hupigana na kuumizana. Kumbe kuwa karibu si kupendana. Twajua jirani waliotengwa na ua mmoja tu ambao hawasalimiani, na rafiki waliotengwa na nyika nzima ambao hukumbukana katika sala kila jioni.

Ikiwa hivyo, kwa nini twende? Kwa sababu barua na simu huleta yale mwenzetu anayotaka kuyasema, lakini ziara huona yale asiyoweza kuyasema. Katika simu atajibu, "Sisi wazima, ashukuriwe Mungu." Ukifika, waona paa linalovuja, ghala lililo tupu kabla ya mvua, na jicho moja lisiloona tena. Yule Mzee aliyeandika Waraka wa Pili wa Yohana alikuwa na maneno mengi, lakini hakutaka kuyamaliza kwa karatasi na wino, akatumaini kuonana nao uso kwa uso. Wahenga wetu nao husema, "Asiyekuwapo na lake halipo."

Tuutazame mfano wa Katumba na Mishamo. Huko walipewa mashamba watu waliokimbia Burundi mwaka wa 1972, na shirika la TCRS, lililoanzishwa mwaka wa 1964 chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, lilishiriki katika kazi ya kuwatunza. Baadaye walichagua: wengine wakarudi kwao, na wengine, zaidi ya 160,000 pamoja na wale wa Ulyankulu, wakapewa uraia wa Tanzania. Hati zilianza kutolewa mwaka wa 2014. Ni jambo jema. Lakini hati humpa mtu nchi, haimpi mtu wa kumjia. Mzee ambaye rafiki zake wamekwisha kurudi ng'ambo amebaki na nani wa kumwita kwa jina la ujana wake?

Walakini msafiri naye ajichunguze. Wako waendao kwa rafiki wa zamani ili wajitazame wenyewe jinsi walivyokuwa, kama mtu atazamaye kioo. Wakimkuta amezeeka au amekuwa maskini, huondoka upesi. Huyo hakumzuru rafiki, amezuru ujana wake. Dalili ya ziara ya kweli ni hii: msafiri akubali kukaa na rafiki kama alivyo leo.

Basi twasema, mzee yule ana haki kwenda, na jamaa zake wana haki kumwonya. Pendo halimpi mtu ruhusa kuwaachia watoto wake hofu. Aseme siku ya kwenda na siku ya kurudi. Achukue maji ya kutosha. Asipite Katavi usiku. Na akipata mwenzi, amshukuru Mungu. Nanyi walimu wa vijijini, kabla mvua hazijaanza, tazameni orodha ya wakristo wenu wa zamani waliohamia mbali. Mchagueni mmoja ambaye habari zake hufika kila mara kuwa "mzima", mkamwone.