Chungu cha Mawe

Usiku ule tulikuwa Igalula, mvua inapiga bati, na mpwa wangu alikuwa akiteka miji. Gemu lenyewe ni Rome: Total War, la mwaka 2004, amelizidi umri kidogo tu, kwenye laptopu yenye bawaba iliyofungwa kwa gundi ya karatasi. Mji ukianguka unapewa njia tatu: uukalie, uwachukue watu utumwa, au uwachinje. Kisha kila mji unakuwa na kiuso kidogo. Kikiwa kijani, shwari. Kikiwa chekundu, wameamka. Mji ukiwa mbali na makao makuu ndivyo unavyokuwa msumbufu.

"Mjomba, nikipeleka jeshi kule, huku kunawaka."

Nikamwambia shida hiyo ina wenyewe, tena Unyamwezini humu humu. Mirambo, mtemi wa Uyowa, aliifunga njia ya misafara magharibi ya Tabora mwaka 1871, akapigana na Waarabu wa Unyanyembe kwa miaka. Ruga-ruga wake, yaani wapiganaji wake, walitisha kote. Ila watemi wengi aliowashinda aliwaacha vitini mwao, au akaweka jamaa zao waliomnyenyekea. Waliokuwa wakimtii walimtii yeye, mtu mmoja, anayeweza kutokea alfajiri kabla habari zake hazijafika. Alipofariki Desemba 1884, nduguye Mpandashalo alirithi kiti. Ile hofu hakuirithi, na watemi wakaanza kujiondokea mmoja mmoja.

Kusini, Ukimbu, alikuwapo Nyungu ya Mawe, yaani chungu cha mawe, kile kisichovunjika. Alitoka ukoo wa kitemi wa Unyanyembe, na yeye pia alikufa mwaka huo huo wa 1884. Lakini Nyungu alikuwa ameweka watwale, watu wake mwenyewe, kila mmoja juu ya himaya kadhaa zilizounganishwa, na pembe za ndovu zikapelekwa kwake Kiwele. Alipoondoka, binti yake Mgalula alishika, na dola ikasimama hadi Wajerumani walipoivunja mwaka 1895.

Hapo ndipo gemu linapoficha kitu. Magavana wake huzeeka na kufa, lakini mkono ulioshika kipanya ni ule ule tangu mwaka 270 kabla ya Kristo mpaka umeme ukatike. Mchezaji hafi. Swali lililowakuta Mirambo na Nyungu mwaka mmoja halimfikii kamwe: umeshikilia nini, ikiwa kitu hicho kinakuhitaji kila siku?

Nilikaribia kumsifu Nyungu kwa mpwa wangu kama fundi wa kupangilia. Nikajizuia. Mkulima wa Ukimbu aliyeletewa mtwale asiyemjua, dola imara ilimfaa nini? Kiuso chekundu hakina mahali pa kuandika sababu. Nami, kwa kuvutiwa na utaratibu wa Nyungu, nilikuwa nimekaa upande wa mkono wenye kipanya.

Kijana akapunguza kodi, kiuso kikarudi kijani, akalala.

Mirambo, ambaye dola yake ilimfuata kaburini, ameachiwa wilaya nzima: Urambo. Nyungu, ambaye yake ilidumu zaidi ya miaka 10 bila yeye, hana wilaya.